Kibati kilichopotea: safari ya skrubu ya kamera hadi Manguredjipa

Mpiga picha anayekimbia vita hubeba kamera kwanza. Huifunga ndani ya kitenge, akaichomeka katikati ya nguo za watoto. Akipata nafasi kwenye pikipiki, hubeba pia trepie, kile kisimamio cha miguu mitatu, kikiwa kimekazwa kwa mpira wa tairi. Kinachosahaulika ni kibati. Ni kipande kidogo cha plastiki au cha alumini, hakizidi sana ukubwa wa kiberiti, kinachofungwa chini ya kamera ili kamera inase juu ya kichwa cha trepie. Kilibaki mezani, au kilikuwa kwenye kamera ya mwenzake, au kilidondoka njiani kabla ya kufika Njiapanda. Bila kibati hicho, trepie iliyobebwa kwa shida yote ile ni fimbo tatu tu.

Tangu katikati ya mwaka 2024, mashambulizi ya waasi wa ADF yalipoingia ndani ya sekta ya Bapere, wilayani Lubero, familia nyingi za Manguredjipa na vijiji vya jirani zimehama, zikarudi, zikahama tena. Septemba 2025, huko Ntoyo, karibu na Manguredjipa, watu waliuawa wakiwa matangani. Miongoni mwa wanaotafuta usalama Butembo na kwingineko wamo pia wapiga picha: wa harusi, wa ubatizo, wa sherehe za shule, na wale wa picha ndogo za kubandika kwenye karatasi. Kazi yao imehama pamoja nao. Anayefika kwa fundi wa chuma huwa na ombi moja: amtengenezee kitu cha kufungia kamera.

Ombi hilo ni dogo, lakini ndani yake kuna historia ya zaidi ya miaka 150, na fundi asiyeijua anaweza kuharibu kamera ya mtu kwa dakika mbili.

Kwanza, kwa nini miguu ni mitatu? Mama yeyote anayepika kwa kuni analo jibu. Mafiga ni matatu, na sufuria hukaa juu yake hata kama ardhi haiko sawa. Meza ya miguu minne huyumba kwenye sakafu mbovu, kwa kuwa mguu mmoja hubaki hewani. Miguu mitatu haiachi mguu hewani kamwe. Wapimaji wa ardhi walilijua jambo hilo kabla ya kamera kuzaliwa, na wapiga picha walilichukua kwao. Picha za zamani zilipigwa kwenye vipande vya kioo vilivyopakwa dawa, na dawa hiyo ilihitaji muda kabla ya kushika mwanga. Mkono wa binadamu hauwezi kutulia muda wote huo.

Nchi yetu ilipigwa picha za namna hiyo mapema. Mwaka 1906 msafara wa Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, ulipanda mlima Ruwenzori kwa upande wa Uganda. Mpiga picha wake aliitwa Vittorio Sella, na wapagazi walimbebea kamera, vioo na trepie kupita kwenye matope na baridi. Ukungu wa Ruwenzori wanaujua watu wa Mutwanga: mlima huonekana asubuhi kidogo, kisha unafunikwa. Sella alilazimika kusimamisha kamera na kungoja. Picha zake za kilele cha Margherita, chenye mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, ni kati ya picha za kwanza nzuri za theluji ile ambayo watu wa Beni huiona kwa mbali anga likiwa safi. Miaka mitatu baadaye, 1909, Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, waliingia kaskazini-mashariki ya Kongo na kukaa humo hadi 1915. Lang alirudi na maelfu ya picha za vioo, nyingi zikiwa zimesafishwa huko huko katika unyevunyevu wa msitu. Mwaka 1932 wanasayansi wa Ubelgiji, wakiongozwa na Xavier de Grunne, walipanda Ruwenzori safari hii kwa upande wa Kongo.

Wapagazi waliobeba trepie hizo hawakuandikwa majina kwenye picha. Lakini huenda ni wao waliokuwa kati ya watu wa kwanza wa eneo hili kuifungua na kuifunga ile skrubu.

Skrubu hiyo ndiyo kiini cha habari hii. Chini ya karibu kila kamera duniani, iwe ya Japani, Ujerumani, Marekani au China, kuna tundu moja lenye meno ndani. Tundu hilo ni la robo inchi, na kwa kila inchi moja lina meno 20. Kamera ya mwaka 1950 iliyosahaulika kwenye kabati la parokia na kamera mpya iliyoletwa juzi kutoka Guangzhou zinaweza kukaa juu ya skrubu ile ile. Vitu vichache sana vya mashine vimedumu hivyo. Chaja za simu tu zimebadilika mara ngapi katika miaka 20?

Chanzo chake ni Mwingereza mmoja, Joseph Whitworth. Kabla yake kila kiwanda kilikata skrubu kwa vipimo vyake chenyewe, na skrubu ikipotea ilibidi urudi kwa aliyeitengeneza. Whitworth alikusanya skrubu kutoka viwanda vingi vya Uingereza, akazilinganisha, na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa wote. Mwaka 1864, huko Philadelphia, Mmarekani William Sellers naye alitoa mpango wake. Meno ya Whitworth yalikuwa na pembe ya digrii 55, ya Sellers digrii 60. Kwa skrubu ya nusu inchi walitofautiana hata kwa hesabu: Mwingereza alikata meno 12 kwa inchi, Mmarekani 13, na hizo haziingiliani. Ila kwa robo inchi wote wawili waliangukia 20, na kwa inchi tatu juu ya nane wote wawili waliangukia 16. Kamera ziliangukia kwenye vipimo hivyo viwili.

Wanaosema Kifaransa wameyahifadhi mambo hayo katika majina. Skrubu ndogo ya robo inchi wanaiita pas Kodak, yaani hatua ya Kodak, kwa ajili ya kampuni ya George Eastman iliyozisambaza kamera ndogo duniani kuanzia mwaka 1888. Ile kubwa, ya 3/8, wanaiita pas Congrès, kwa kumbukumbu ya mikutano ya kimataifa ya wapiga picha, ambayo wa kwanza ulifanyika Paris mwaka 1889. Leo ndogo hufunga kamera, na kubwa hufunga kichwa cha trepie juu ya miguu yake. Mpiga picha wa Butembo aliyejifunza kazi kwa mkubwa wake huenda hajui Eastman alikuwa nani, lakini akitamka "pas Kodak" mwenzake anamwelewa.

Shida yetu inaanzia hapo. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na Wabelgiji walikuwa watu wa mita hata kabla ya Léopold kuitamani nchi hii. Uganda na Kenya zilitawaliwa na Waingereza, watu wa inchi, futi na maili. Kwa hiyo mpaka wa Kasindi, ambao wafanyabiashara wanaujua kwa ushuru na foleni za malori, ulikuwa pia mpaka wa inchi na milimita. Upande huu fundi alikata chuma kwa milimita, upande ule kwa inchi. Ni bomba za maji tu zilizobaki na inchi pande zote mbili. Fundi bomba wa Butembo bado anaomba tuyo ya nusu inchi, na meno ya bomba hiyo ni ya ukoo wa Whitworth yule yule.

Leo kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki, buloni ndogo inayopatikana kila mahali ni ya milimita 6. Ni buloni ya TVS, ni buloni ya Boxer, inashika vifuniko na taa. Ukiitazama kwa macho tu, ni pacha wa skrubu ya kamera. Ya kamera ina unene wa milimita 6.35. Tofauti ni theluthi ya milimita, nani ataiona? Lakini meno hayafanani. Kwenye buloni ya 6, jino na jino vinaachana kwa milimita moja kamili. Kwenye ya kamera, kwa milimita 1.27. Buloni ya 6 huingia kwenye kamera mzunguko mmoja au miwili, inacheza kidogo, kisha inakaza. Fundi anafurahi akidhani imeshika. Akiongeza nguvu, meno ya ndani ya kamera, ambayo mara nyingi ni ya alumini au shaba laini, yanakatika. Kamera ya dola mia tatu imeharibiwa na buloni isiyofika franga elfu.

Kuna jaribio lisilohitaji chombo cha kizungu. Rula ya mwanafunzi inatosha. Weka buloni kando ya rula na uhesabu meno katika sentimita mbili na nusu. Yakiwa karibu 20, ni ya kamera. Yakiwa karibu 25, ni ya pikipiki, irudishe kwenye kopo lake.

Na buloni ya kweli ya robo inchi inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye vitu vilivyokufa: kishikio cha simu kilichovunjika, fimbo ya kujipigia picha, mkono wa taa ya zamani. Mifuko ya ngozi ya kamera za filamu, ile migumu iliyokaa kama nyumba ya kamera, ilikuwa na skrubu hiyo chini yake. Watoto huchezea mifuko hiyo bila kujua kuwa dawa ya trepie ya baba imo ndani.

Manguredjipa yenyewe ilizijua trepie kupitia dhahabu kabla ya kuzijua kupitia harusi. Wakati wa Wabelgiji, dhahabu ya eneo hili ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Minière des Grands Lacs, ambayo wazee wanaiita MGL, na mwaka 1976 iliunganishwa na kampuni nyingine za Kivu kuwa SOMINKI. Mgodi hauchimbwi bila kupimwa, na mpimaji husimamisha teodoliti yake juu ya miguu mitatu mizito ya mbao yenye ncha za chuma. Skrubu inayotumika sana kwenye miguu ya namna hiyo ni kubwa kuliko zote, inchi tano juu ya nane, meno 11 kwa inchi. Miguu hiyo ni mizuri ajabu kwa kamera kwa sababu haitetemeki na haiogopi upepo. Anayebahatika kupata mmoja uliotupwa atahitaji kiunganishi kati ya 5/8 na 3/8, na hicho hakiuzwi Butembo. Njia inayofanya kazi ni kipande cha bamba la chuma cha upana wa kiganja. Chini yake huchomelewa nati ya 5/8 inayopokea skrubu ya mpimaji, juu yake huchomelewa buloni ya 3/8 iliyosimama wima, na hiyo ndiyo inayobeba kichwa. Mchomeleaji ahakikishe imesimama wima kweli kabla chuma hakijapoa, maana ikiinama kidogo, kila picha itainama.

Tukirudi kwenye kibati, tuseme wazi kuwa hapa lawama ni ya viwanda. Kuhusu skrubu, dunia ilikubaliana. Kuhusu kibati kinachonasa kwenye kichwa, kila kiwanda kilitengeneza chake ili mteja arudi kununua kwake. Cha Manfrotto hakiingii kwenye kichwa cha wengine, na hata kiwanda hicho kimoja kina namna kadhaa. Mtindo wa Arca-Swiss, wenye kingo zilizolala na upana wa milimita 38 hivi, umeigwa na wengi, lakini trepie nyepesi za bei rahisi ambazo wafanyabiashara wa Butembo huleta kutoka Dubai na China zina vibati vya kila umbo. Kikipotea hakina duka. Ndiyo maana kinatengenezwa.

Ubao ndio unaoanza, na Bapere haikosi mbao. Libuyu, iliyokauka vizuri, inafaa. Mbao laini za kujengea hazifai, skrubu inazama ndani yake kama kisu kwenye ndizi. Kwanza hukatwa umbo kwa karatasi ngumu ya boksi hadi likae sawasawa ndani ya kichwa cha trepie, likibanwa na ule mdomo wake. Umbo hilo huchorwa kwenye ubao, ukakatwa kwa msumeno wa chuma na kumaliziwa kwa tupa, kwa subira, ukijaribiwa kila baada ya mipasuo michache ya tupa. Kingo nyingi zimelala pande zote, upana chini na wembamba juu, na hapo ndipo kazi ilipo. Ukikosea nusu milimita kamera inacheza. Na kamera inayocheza juu ya trepie ni afadhali ishikwe mkononi.

Tundu la katikati hutobolewa, na upande wa chini hupanuliwa ili kichwa cha buloni kizame kisiguse trepie. Juu hubandikwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi ili kamera isizunguke. Halafu kuna jambo linalosahauliwa na wengi: urefu. Tundu la kamera ni fupi. Skrubu inayochomoza juu ya kibati isizidi milimita tano hivi. Ikizidi inaweza kugonga mwisho wa tundu na kusukuma vitu vya ndani. Fundi mzuri huingiza nati kwenye buloni kabla ya kuikata. Akishaikata huitoa nati ile, nayo inapotoka inasafisha meno yaliyojeruhiwa na msumeno.

Skrubu za kiwandani zina mfereji kichwani wa kukazwa kwa sarafu. Waliobuni hawakuifikiria Kongo, ambako pesa zote ni noti. Wengine huweka mfukoni sarafu moja ya Uganda kwa kazi hiyo tu. Wengine wanamwambia fundi achomelee kipete cha waya juu ya kichwa cha buloni, kizungushwe kwa vidole, na kwa kweli kipete ni bora kuliko sarafu.

Ubao una adui mmoja, nao ni mvua. Unavimba na kukwama ndani ya kichwa, hasa msituni ambako hakuna kinachokauka. Kupaka nta ya mshumaa au mafuta ya injini kunasaidia kwa miezi. Kwa anayetaka cha kudumu kuna mafundi wanaoyeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria kwenye udongo. Kibati cha ubao kilichofaulu kinaweza kugandamizwa kwenye mchanga huo huo na kumiminiwa alumini. Kinachotoka kina mapovu na kinavunjika kikianguka kwenye jiwe, lakini hakivimbi.

Kazi ya kurekebisha chombo kimfuate mtu si ya maskini peke yao. Mohamed Amin, Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alipoteza mkono wake wa kushoto mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, mlipuko uliomuua mwenzake John Mathai. Alirudi kazini na mkono wa bandia, akabeba kamera tena.

Lakini kwa nini mtu aliyekimbia, anayelala na watoto sita katika chumba kimoja cha kuazima, ahangaike na trepie? Kamera si inashikika mkononi?

Kivu ya Kaskazini ina jibu lake. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa kandokando ya Goma, watoto wengi walikuwa peke yao. Wengine walikuwa wadogo mno kujua jina la baba, au kijiji. Mashirika ya misaada, yakiwemo UNICEF na Msalaba Mwekundu, yaliamua kuwapiga picha mmoja mmoja. Picha zilibandikwa kwenye mbao kambini, na wazazi walipita mbele yake polepole, uso kwa uso, wakitafuta. Kwa watoto wasioweza kusema, uso ndio uliokuwa karatasi yao pekee. Wapo waliopatikana hivyo.

Kwa kazi ya namna hiyo mkono hautoshi. Picha mia moja za nyuso zinapaswa kupigwa kwa umbali mmoja, urefu mmoja na mwanga mmoja, ili jicho la mama lisisumbuliwe na kitu kingine chochote. Mpiga picha anayeshika kamera tangu asubuhi huchoka saa nne, na saa nane picha zake zinatikisika. Mtoto anayelia hupigwa akiwa amesogea. Trepie haichoki, na inampa mpiga picha mikono yake miwili: mmoja wa kubonyeza, mwingine wa kumwita mtoto atazame.

Hata mahitaji ya kawaida ni hayo hayo. Mwaka 2005, kwa ajili ya uchaguzi wa kwanza baada ya vita, zaidi ya watu milioni 25 waliandikishwa nchini, wakipigwa picha kwa kamera za dijitali zilizofika hadi vijijini. Kadi ile ya mpiga kura ndiyo iliyogeuka kitambulisho cha Mkongo, kwa kuwa kadi ya uraia haikuwepo. Nyumba ikichomwa, kadi inateketea ndani, na mtu anaanza upya: karatasi ya upotevu, picha za shule za watoto, picha za hospitali. Kila mlango unadai uso ulionyooka mbele ya kitambaa cheupe. Ukiongeza mazishi, na wale wanaotaka nyumba yao iliyoungua ipigwe picha siku moja ili waweze kusema ilisimama wapi, kazi ya mpiga picha aliyekimbia ni nyingi kuliko pesa za wanaomhitaji.

Siku hizi wengi hawana kamera, wana simu, na simu haina tundu la skrubu kabisa. Kishikio chake kinatengenezwa kwa bomba ya plastiki ya maji. Hupashwa moto taratibu juu ya makaa, hukunjwa kama herufi U kulingana na upana wa simu, hutobolewa chini, na nati ya robo inchi hubandikwa ndani kwa gundi ngumu. Mpira wa tairi huzungushwa kuishika simu. Waandishi wa redio nao wanaweza kurekodi mahojiano hivyo, simu ikiwa imetulia. Mfuko wa mawe ukining'inizwa katikati ya miguu, trepie nyepesi huacha kutetemeka. Bomba la sindano lililojazwa maji na kuachwa na povu moja la hewa, likilazwa juu ya kichwa, litasema kama kamera imekaa sawa.

Kuna hatari moja isiyotokana na fundi. Trepie iliyokunjwa begani, ikiwa nyeusi na ndefu, kwa mbali inaonekana kama silaha. Agosti 2003, karibu na Baghdad, mpiga picha wa Reuters Mazen Dana aliuawa na askari wa Marekani waliosema walidhani kamera yake ni kifaa cha kurushia kombora. Hapa kwetu, barabara ya Butembo hadi Manguredjipa ina vizuizi, na anayesimama kwenye kizuizi naye ana hofu yake. Chuma kilichochomelewa nyumbani, kisicho na jina la kiwanda, huuliza maswali zaidi. Ni heri trepie isafiri imevunjwa vipande, kichwa mbali na miguu, ndani ya mfuko ulio wazi, na mwenyewe aitaje kabla ya kuulizwa. Kitambaa cha rangi kali kikifungwa kwenye miguu kinasaidia. Usiku isitolewe kabisa.

Na kwa kibati kipya, kiwe cha libuyu au cha alumini ya sufuria, mafundi wanashauri jambo moja la bei ya bure. Kabla ya kukikabidhi, kitobolewe katundu kadogo pembeni, kipitishwe uzi wa nailoni, na uzi huo ufungwe kwenye mguu wa trepie, ili siku nyingine ya kukimbia visiachane.